MAJI YALIYOOSHA BETRI YASIMWAGWE OVYO

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika)

Ndugu wanaushirika,

Gari letu likipeleka mazao Kariakoo, mara nyingine hugoma kuwaka. Dereva anafungua boneti, anakuta ule unga mweupe na kijani kwenye vichwa vya betri. Anamwagia maji ya moto, unga unatoka, gari linawaka. Basi, safari. Lakini hebu tujiulize: yale maji yamekwenda wapi?

Mara ya mwisho yaliingia mtaroni, karibu na mama ntilie aliyekuwa anaosha sufuria. Mvua ikinyesha, mitaro ya upande ule huteremkia Jangwani, bonde la Msimbazi, ambako kwa miaka mingi watu wamelima mchicha. Na hapa kijijini tumeyamwaga chini ya mwembe wa ofisi, wanapocheza watoto. Tusimlaumu dereva peke yake. Tulikuwepo, tukatazama, tukanyamaza.

Jamani, maji yale yana vitu viwili. Cha kwanza ni tindikali, inayounguza ngozi na kutoboa nguo. Cha pili ni madini ya risasi. Hayana harufu, wala hayaozi. Yakiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo, masomo yakawa mazito kwake. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Fidia hairudishi afya ya mtoto. Maji yetu ni machache kuliko ya kiwanda, lakini tunayamwaga pale pale kila mara.

Kuanzia leo tufanye hivi:

1. Zima gari. Sigara marufuku. Vaa glavu za mpira na miwani. Fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Vifuniko vya betri vikazwe.

2. Changanya kijiko kikubwa cha magadi soda na kikombe cha maji. Lowesha kitambaa, futa. Usimwagie.

3. Kinga matone kwa beseni la plastiki. Ongeza magadi mpaka povu likome. Hapo tindikali imekufa, ila risasi bado imo. Asije mtu akasema maji sasa ni safi.

4. Maji na kitambaa viingie kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko, liandikwe SUMU. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa isitumike kabisa.

5. Dumu likae stoo yenye kufuli. Liende mjini pamoja na betri kuukuu, kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Tusimuuzie anayemwaga maji ya betri mtaroni ili abaki na risasi yake.

Mwaka 1973 wazee wetu walisikiliza redioni kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo. Ule uchafu waliuona kwa macho. Huu wetu hauonekani, kwa hiyo unahitaji watu wanaokumbushana.

Tunaomba mkutano upitishe fedha za beseni, dumu, glavu na miwani.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Chama, Tawi