Msaada wa Mzazi kwa Kijana Anayeshindwa na Hesabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa Kiislamu, Namakwekwe, Mbale)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.



Nimetakiwa na jumuiya niseme maneno machache juu ya elimu ya watoto wetu. Jambo hilo ni pana, na atakaye kulisema lote hatalimaliza hata kwa siku tatu. Kwa hivyo nimechagua pembe moja tu, nayo ni habari ya kijana aliye katika kidato cha tatu au cha nne, ambaye masomo mengine ayaweza, lakini hesabu inamshinda.

Kila mwaka mwezi wa Oktoba ukikaribia, wazazi huja kwangu na kalamu za watoto wao, wakitaka nizisomee dua kabla ya mtihani. Siwarudishi, kwa kuwa kuomba ni ibada. Lakini yapasa tuambiane kweli: kalamu iliyosomewa dua haijui kugawanya. Yule Bedui aliyemwacha ngamia wake bila ya kumfunga, akasema amemtegemea Mungu, nyote mnakijua kisa chake na jibu alilopewa na Mtume. Mzazi aletaye kalamu mwezi wa Oktoba, na tangu Februari hajalifungua daftari la mwanawe hata mara moja, ngamia wake bado hajafungwa.

Najua jibu la wengi: "Sheikh, mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mtoto katika jambo nisilolijua?" Nami nasema, mimi mwenyewe nimesoma chuoni na skuli ya msingi, na kidato cha nne sikukiona kwa ndani. Pamoja na hayo nadai kwamba mzazi asiyejua hesabu za kidato cha nne aweza kumsaidia mwanawe kuufanya mtihani wa hesabu. Sitasema kwamba atamfundisha, kwani hiyo ni kazi ya mwalimu. Nitasema kwamba kujua somo ni jambo moja, na kujua kujibu mtihani ni jambo la pili; na katika hilo la pili mzazi ana kazi kubwa.

Kwanza tufahamu mtihani wenyewe ulivyo sasa. Mtaala wa skuli za sekondari kwa vidato vinne vya mwanzo ulibadilishwa Uganda mwaka 2020, na watoto wa kwanza kufanya mtihani wa kidato cha nne chini ya mtaala huo waliufanya mwaka 2024. Mambo matatu yalibadilika ambayo mzazi hana budi kuyajua. La kwanza, matokeo ya kila somo hutolewa kwa herufi, tangu A mpaka E. La pili, sehemu 20 katika 100 za matokeo hutokana na kazi ambazo mwanafunzi amezifanya skulini kabla ya mtihani, na sehemu 80 ndizo za mtihani wenyewe. Basi anayengoja mwezi wa mwisho ndipo aanze kusoma, huingia chumba cha mtihani na sehemu ya alama zake imekwisha kuamuliwa. La tatu, na ndilo kubwa, swali huja katika sura ya kisa: fulani ana shamba, au duka, au safari, ana shida hii na ile, msaidie. Asiyejua kusoma kisa, hata akiwa hodari wa kujumlisha, hafiki mbali.

Sasa niwape kazi ya mzazi, moja baada ya moja.

Kazi ya kwanza ni kuomba karatasi za zamani. Usimwulize mtoto, "Ulipata ngapi?" Mwambie, "Niletee karatasi yako ya mtihani uliosahihishwa, tukae pamoja." Kisha kila alama iliyopotea muipeleke katika fungu lake, na mafungu ni matatu. Fungu la kwanza ni alama alizozikosa kwa kuwa hakujua. La pili ni alama alizozikosa naye anajua, kwa haraka, au kwa kusoma vibaya, au kwa kuruka hatua. La tatu ni alama za maswali ambayo hakuyafikia kwa kuwa muda ulimwishia. Mafungu haya hata asiyejua hesabu aweza kuyapanga, kwani mtoto mwenyewe ndiye atakayesema.

Tuseme kijana amepata alama 40 katika 100, amepoteza 60. Baba hukasirika, humwita mjinga. Lakini wakizipanga huenda wakaona kwamba alizokosa kwa kutojua ni 24, alizokosa naye anajua ni 22, na ambazo hakuzifikia ni 14. Hizo 22 na 14 ni alama 36, na zote si za ujinga. Akirudisha nusu yake tu, yaani 18, amefika 58, bila ya kuongeza mlango mmoja mpya wa elimu. Zile 24 za fungu la kwanza zipeleke kwa mwalimu, umwambie ni mlango gani haufahamiki. Mwalimu atashukuru kuletewa mzazi ajuaye alitakalo.

Kazi ya pili ni kumfunza kusoma swali. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na watoto wengi wa mtaa huu hufikiri kwa Kigisu, au kwa Kiganda, au kwa Kiswahili hiki tunachosema. Kabla hajashika kalamu, mwambie akueleze kwa lugha ya nyumbani mambo mawili: nimepewa nini, na ninaulizwa nini. Akishindwa kukueleza, hakulifahamu swali, na akianza kuandika ataandika lisiloulizwa.

Niwape mfano kutoka elimu yetu ya mirathi, maana wazee walio hapa wataufahamu. Mtu amefariki, ameacha shilingi 5,000,000. Gharama za mazishi zimekwisha kulipwa, na hakuacha wasia. Anadaiwa shilingi 200,000. Warithi wake ni mke mmoja, mama yake, na mtoto mmoja wa kiume. Kila mmoja atapata nini?

Kijana mwenye haraka huona 5,000,000 akaanza kugawa. Amekwisha kukosa. Kisa kimetaja deni, na deni hutangulia mirathi. Kinachogawiwa ni shilingi 4,800,000. Mke ana thumni, yaani 1/8, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto. Mama ana sudusi, yaani 1/6. Na mtoto wa kiume huchukua kilichobaki. Tutafute idadi inayogawanyika kwa 8 na kwa 6, nayo ni 24. Mke ana sehemu 3, mama ana sehemu 4, zimebaki sehemu 17 za mtoto. Sehemu moja ni 4,800,000 kugawanya kwa 24, nayo ni shilingi 200,000. Basi mke anapata shilingi 600,000, mama shilingi 800,000, na mtoto shilingi 3,400,000.

Hesabu hii si ngeni kwetu. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu ambacho kutoka jina lake dunia ilipata neno aljebra. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Kijana wa Kiislamu anayesema hesabu ni elimu ya watu wengine, mwambieni hivyo.

Kazi ya tatu ni kumzoeza kuandika kila hatua. Kijana mmoja wa mtaa huu alinionyesha karatasi yake, jibu lake si sawa, na swali zima amepewa sifuri. Nilipomwuliza, alinieleza njia yote kwa mdomo, na njia ilikuwa sawasawa. Alikosea kutoa mahali pamoja tu. Lakini njia hiyo aliifanya kichwani, na katika karatasi aliandika jibu peke yake. Msahihishaji hakumwona kijana wala hakumsikia, aliona tarakimu moja iliyokosewa. Lau angaliandika hatua zake, angalipewa alama za njia, akapoteza alama ya jibu tu.

Ndugu zangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, nayo ni aya ya deni. Linaloamrishwa humo ni kuandika, liwe dogo liwe kubwa, ili shaka iondoke na ushahidi usimame. Ikiwa Mola wetu ametutaka tusitegemee kumbukumbu katika mali tunayokopeshana, kijana ataitegemeaje mbele ya mtu asiyemjua, aliye mbali, mwenye mafungu ya karatasi mezani? Yapasa karatasi yake iwe shahidi wake. Aandike alichopewa, aandike njia, aandike jibu, na mbele ya jibu aandike ni shilingi au ni kilo au ni mita. Mzazi asiyejua hesabu aweza kulisimamia hili kwa swali moja tu: "Kutoka mstari huu hadi huu umefanya nini?" Akikujibu kwa neno ambalo halimo katika karatasi, mwambie aliandike.

Kazi ya nne ni kuhakikisha jibu. Katika mfano wetu, jumlisha 600,000 na 800,000 na 3,400,000. Ukipata 4,800,000 mgao ni timamu. Tena aliangalie jibu kwa akili ya sokoni. Mama auzaye ndizi Soko Kuu hajaenda kidato cha nne, lakini ukimwambia kwamba faida ya mkungu mmoja ni shilingi milioni mbili atacheka. Kijana naye yafaa acheke jibu lake linapokuwa la kuchekesha, kabla hajachekwa nalo.

Kazi ya tano ni muda. Sisi ni watu wa sala tano, na kila sala ina wakati wake. Haifai kukaa katika Adhuhuri hata Alasiri ikapita. Ikiwa karatasi ya majaribio ina dakika 150 na alama 100, basi alama moja ina dakika moja na nusu, na swali la alama 10 halistahili kupewa zaidi ya dakika 15. Afundishwe kuyasoma maswali yote kwanza, aanze na lile analoliweza, na lililomkwamisha aliache nafasi alirudie. Asome pia maagizo: akiambiwa achague swali moja katika mawili, asiyafanye yote mawili. Haya yanataka mazoezi nyumbani. Siku moja kwa juma, baada ya Isha, mpe karatasi ya mwaka uliopita na saa mezani, na nyumba inyamaze. Na ikiwa ni binti, vyombo vya siku hiyo vioshwe na mwingine, hata ikiwa ni kaka yake. Wako mabinti wanaoanguka kwa kuwa saa yao ya kusoma huanza watu wote wakishalala, na hilo ni dhuluma tunayoifanya kwa mikono yetu.

Kazi ya sita ni muraja'a. Chuoni mwanafunzi akikosea aya, mwalimu humrudisha. Kesho humsikiliza tena, na baada ya juma humsikiliza tena, mpaka ulimi unyooke. Swali alilolikosea litendewe vivyo hivyo. Asitosheke kuangalia jibu sahihi akasema amefahamu. Alifanye upya baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, bila ya kutazama.

Kabla sijamaliza nina maonyo mawili. La kwanza, fimbo na matusi havitii hesabu kichwani. Kijana aliyeitwa mjinga kila siku hulisadiki neno hilo, naye akilisadiki huacha swali wazi hata lile aliliwezalo. La pili, msinunue karatasi ya wizi. Kuna watu hupita nyakati hizo wakinong'ona kwamba wanao mtihani. Hiyo ni haramu, kwa kuwa ni kudanganya, na mwenye kudanganya amejitoa katika njia ya Mtume. Na katika dunia pia ni hasara: Baraza la Mitihani la Uganda huzuia matokeo ya wanaoshukiwa, na sheria yake ya mwaka 2021 inawaadhibu wahusika.

Wazee wetu wa zamani waliogopa kuwapeleka watoto skuli, kwa kuwa nyingi zilikuwa za misheni, na walihofia dini ya watoto wao. Siwalaumu, lakini athari yake tuliiona. Leo udhuru huo haupo. Mwaka 1974, katika mkutano wa Lahore, nchi za Kiislamu zilikata shauri kwamba pajengwe Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda, na mwaka 1988 kikafunguliwa hapa hapa Mbale, pale Nkoma. Vijana hutoka nchi za mbali kuja kusoma karibu na milango yetu. Itakuwa ajabu ikiwa mtoto wa Namakwekwe ataupita mlango huo kila siku kwa miguu, asiweze kuingia, kwa sababu ya alama alizozipoteza naye anazijua.

Basi kazi tuliyonayo ni hii: usiku wa leo kila mzazi amwambie mwanawe alete karatasi iliyosahihishwa, wakae, wayapange mafungu matatu. Na mwezi wa Oktoba mkiniletea kalamu, nitazisomea dua kwa moyo mkunjufu, nikijua kwamba mwenye kalamu amekwisha kumfunga ngamia wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi subira, na awalipe kheri walimu wao. Wabillahi taufiq.