Mtoto Naye Ana Haki ya Kulala





Wazazi wetu waheshimiwa, vijana wenzangu, mawaidha mengi ya mwezi huu yanatuhimiza kuamka. Mimi leo nataka nizungumzie kulala, hasa kulala kwa watoto wetu.

Hebu tuhesabu pamoja. Hapa Mombasa Isha huingia kabla ya saa 2 usiku, na Tarawehe katika misikiti mingi inakwisha saa 3 na kitu. Mtoto wa miaka 9 angefaa awe kitandani. Lakini akitoka msikitini ni barabarani: mpira, viazi karai, mabuyu. Kisha nyumbani, televisheni au simu ya mama. Lepe linamjia saa 5, pengine saa 6. Saa 10 anaamshwa daku. Alfajiri inaingia mnamo saa 11, na saa 12 gari la shule liko mlangoni. Amelala masaa 5, na siku nyengine hayafiki. Huo ni usiku mmoja, na mwezi una siku 29 au 30.

Madaktari wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji masaa 9 mpaka 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10. Hiyo si anasa. Katika usingizi mzito ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na mtu akilala ndipo ubongo unapoyaweka mahali pake yale aliyosoma mchana. Kwa hivyo mtoto anayehifadhishwa sura kisha asilale, ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Na tujue kuwa mtoto aliyekosa usingizi si kama mtu mzima. Sisi tukichoka tunasinzia. Yeye mara nyingi huzidi ukorofi: hatulii, analia kwa jambo la upuuzi, anapigana na nduguye. Sisi tunasema, "Maskini, saumu inamtesa." Wallahi mara nyingi si saumu, ni usingizi! Kisha chuoni anasinzia juu ya juzuu, anaitwa mvivu, pengine anachapwa. Mtoto huyu akikua ataikumbuka Ramadhan kuwa ni mwezi wa kuumwa na kichwa na kugombezwa. Hilo linanitia hofu kuliko alama za shule.

Dini yetu haikuudharau usingizi. Surat An-Naba' inautaja kuwa ni pumziko. Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha, na kukaa kuzungumza baada yake, kama alivyopokea Bukhari. Na kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.) mnakijua. Salman alikuwa mgeni wake. Usiku ulipoingia mwenyeji akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku ndipo wakaamka wakaswali wote wawili, na Mtume (S.A.W.) alipopata habari akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hivyo ndivyo kwa sahaba mtu mzima, sembuse mtoto ambaye hata saumu haijawa faradhi juu yake?

Sasa tufanyeje? Jamani, mtoto hafundishwi kulala kwa kufokewa "Nenda kalale!" huku sebuleni taa zinawaka na baba anacheka na filamu. Anafundishwa kwa kuiona nyumba inatulia. Simu ziwekwe mbali, za wakubwa pia, kwani mwanga wake unauchelewesha ubongo kujua kuwa ni usiku. Mwambie kwa lugha yake: ukitaka kufika Magharibi kesho, nusu ya nguvu ni daku na nusu ni kulala. Mzoeze adabu za kitandani: kutawadha, kukung'uta shuka, ubavu wa kulia, Ayatul Kursiy. Mdogo wa miaka 6 au 7 aswali Isha na rakaa chache, kisha arudi nyumbani na mkubwa mmoja. Daku nayo kuichelewesha ni Sunna, basi mbona tumwamshe saa 9? Na siku asizokwenda shule apate qailula, hata nusu saa. Bibi zetu walikuwa wakifunga madirisha adhuhuri, nyumba nzima kimya.

Kuhusu shule, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo katika shule za kutwa kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 9 na nusu. Mzazi ambaye mwanawe anatakiwa darasani gizani ana haki ya kwenda kuuliza, kwa adabu, na akifuatana na wazazi wenzake ni bora zaidi.

Nanyi vijana mnaoandaa mechi za usiku, nawaomba: mechi za watoto zichezwe jioni kabla ya futari, wale wasiofunga siku nzima, au ziachwe mpaka Idi. Na katika kumi la mwisho, anayetaka kumpeleka mwanawe kwenye kisimamo achague usiku wa kuamkia Jumamosi au Jumapili, na amlaze vizuri mchana wake.