Mimba za wasichana: maswali ya kumuuliza mheshimiwa kabla hajaanza kuhubiri

UZI. Haya ni maneno niliyosema wiki jana mbele ya vijana na akina mama wa soko. Wengi waliomba niyaandike, na nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni. Hakuna chama wala mwanasiasa atakayetajwa. Tunapima hoja tu.

1. Habari zenu akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni. Mtu akishika maikrofoni kwenye mkutano wa hadhara akataja mimba za wasichana, utasikia moja kati ya mambo mawili. Kuna wa "maadili yameisha", na kuna wa "wapewe njia za kupanga uzazi". Wote hupigiwa makofi, halafu wanapanda magari wanaenda. Mimi leo nataka tuongee jambo ambalo hao wawili huliruka: pesa. Nani analipa ili msichana abaki shule, na mama yake anapata riziki wapi?

2. Kwanza namba, kwa sababu hapo ndipo tunadanganywa sana. Mnakumbuka Juni 2020, wakati wa korona? Stori ilizagaa ati wanafunzi karibu 4,000 wa Machakos wamepata mimba kwa vile shule zimefungwa. Namba ilitoka kwenye rekodi za kliniki za wajawazito za Januari hadi Mei, na ilihesabu wasichana mpaka wa miaka 19. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe: wengi wa waliofika kliniki kufikia Mei walishika mimba lini? Na je, kila msichana wa miaka 19 ni mwanafunzi?

3. Lakini msikimbilie kusema yote yalikuwa uongo. Baadaye watafiti walilinganisha wasichana wa shule za upili magharibi mwa Kenya: waliomaliza kabla ya korona, na waliokaa nyumbani ile miezi sita. Hao wa pili walikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo. Kwa hivyo namba iliyozagaa ilisomwa vibaya, lakini madhara yalikuwepo. Shule ikifungwa, msichana ndiye anaumia.

4. Sasa hoja ya "maadili yameisha". Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha 18% ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba. Ule wa 2022 ulipata 15% waliowahi kushika mimba. Kama maadili ndiyo yanaporomoka kila mwaka, mbona namba haipandi?

5. Na angalia kaunti. Mwaka huo wa 2022, Samburu ilikuwa 50%. Nyeri, 5%. Kwani watoto wa Samburu wamezaliwa na tabia mbaya mara kumi kuliko wa Nyeri? Hapana. Angalia umbali wa shule, ukame, ndoa za mapema, na umaskini. Miongoni mwa wasichana ambao hawajasoma kabisa, karibu 4 kati ya 10 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Kweli, mimba nayo hutoa msichana shuleni, kwa hivyo hizo mbili husukumana. Basi tutajuaje ni ipi inaanza?

6. Hapa nawapa mfano ninaoupenda, na ulitoka hapa kwetu. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, lakini mzazi bado alinunua yunifomu. Watafiti wakachukua shule 328 za magharibi mwa Kenya na kuzigawa kwa bahati nasibu. Katika baadhi, wanafunzi wa darasa la sita walipewa yunifomu za bure. Hakuna mahubiri, ni nguo tu. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioanza kuzaa walikuwa kama 13%, na katika shule ambazo hazikupewa kitu walikuwa 16%. Walioacha shule pia walipungua. Shati na sketi, jamani!

7. Katika shule nyingine za utafiti huo, walimu walifunzwa kufundisha mtaala wa Ukimwi uliosisitiza kujiepusha na ngono mpaka ndoa. Peke yake, mtaala huo haukupunguza mimba. Lakini katika shule 71, wanafunzi wa darasa la nane walipewa kipindi kimoja cha kuelezwa ukweli mtupu: wanaume wa umri gani wana virusi vya HIV kwa wingi. Wakaona wenyewe kwamba sponsa ni hatari kuliko kijana mwenzao. Mimba zikapungua kwa 28%. Kwa hivyo anayesema ukimpa mtoto habari unamharibu, muulize ushahidi wake uko wapi.

8. Sasa tufike kwa mama. Nyinyi mnaouza samaki mnajua neno jaboya. Mama anafika ufuoni alfajiri na pesa yake mkononi, na mvuvi anamwambia pesa peke yake haitoshi, anataka mwili pia. Sasa niambie, mama huyu ambaye hawezi kukataa kwa sababu watoto watalala njaa, atamfundisha binti yake kukataa sponsa kwa kutumia nini? Maneno?

9. Wanawake wa Nduru Beach, kaunti ya Kisumu, walijaribu njia nyingine. Walijiunga kikundi wakapata mashua zao, wakaajiri wanaume wavue. Mwenye mashua ndiye anapanga bei. Ilifanya kazi. Lakini mashua huoza na hutaka kutengenezwa, na mwaka 2020 mafuriko ya ziwa yalifunika kijiji. Funzo si kwamba walishindwa. Funzo ni kwamba mradi bila mpango wa matengenezo na majanga ni picha ya kampeni tu.

10. Na tusisahau sheria. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono. Kumnajisi msichana wa miaka 14 kifungo chake hakipungui miaka 20. Lakini wazee wanakaa chini ya mti, mbuzi wanaletwa, kesi inakufa. Mkutanoni msichana ndiye anasemwa. Mwanaume hata jina hana.

11. Wakati wa maswali mama mmoja aliinuka. Akasema, "Mwanangu, nimekusikia. Msichana wangu amezaa na mwalimu mkuu amekubali arudi. Nikienda soko saa kumi alfajiri, mtoto nani atamshika?" Sera ya kurudi shule baada ya kujifungua iko tangu 1994, na mwongozo mpya ulitolewa 2020. Lakini karatasi haibebi mtoto. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo.

12. Basi mheshimiwa yeyote akija kwenu na hotuba ya maadili, msimzomee. Muulizeni haya:
– Yunifomu na sodo ziko kwenye bajeti gani, na zilifika lini mara ya mwisho?
– Kesi ngapi za unajisi katika eneo hili zimefika kortini, na ngapi ziliishia kwa mbuzi?
– Mkopo wa akina mama una mpango gani mvua ikizidi au samaki wakipotea?
– Na lile la mama wa soko: msichana akirudi darasani, mtoto nani atamshika?

Akijibu hata mawili, msikilizeni. Akirudi kwa maadili, mshukuruni kwa kuja na mrudi kazini.