Kutangulia Si Kufika

  Leo nataka tuzungumze habari za mashindano ya baiskeli. Wala sisemi yale ya barabara ya lami, bali yale ya milimani, ya kupita kwenye mawe, mchanga na vijia vya mbuzi. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya vijana, sisi wazee yatuhusu nini?" Vumilieni kidogo. Mtaona kwamba yanatuhusu sote.

Baiskeli kwetu si kitu kigeni. Nani asiyeijua ile nyeusi, nzito, iitwayo Black Mamba? Imebeba mitungi ya maji, imebeba magunia ya mahindi, imebeba wagonjwa hadi zahanati. Na mchezo huu wa milimani, ambao leo una baiskeli za bei kubwa, ulianza kwa baiskeli kuukuu. Huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walichukua baiskeli nzito za zamani wakapanda nazo Mlima Tamalpais, kisha wakashindana kushuka. Shindano lao la kwanza katika njia moja yenye mteremko mkali lilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto hata grisi ikawa moshi, ikabidi kutiwa nyingine upya. Kwa sababu hiyo njia yenyewe iliitwa Repack, maana yake kujaza tena. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki kule Atlanta. Basi, ndugu, usidharau mwanzo wa jambo.

Sasa tuseme kijana mmoja wa Voi ameamua kuingia katika mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Ameazima baiskeli yenye gia, amefunga kofia ngumu kichwani, amebandikwa namba kifuani. Nyumbani wanajua. Rafiki zake wanajua. Anasimama mstarini pamoja na watu wenye miguu kama ya punda milia. Filimbi inapigwa. Wenzake wanaruka kama swala, na kufumba na kufumbua anaona migongo yao na vumbi jekundu. Je, unadhani atafanya nini?

Wengi hufanya jambo moja. Hukanyaga kwa nguvu zao zote ili wasiachwe. Si kwamba wanatumaini kushinda, la. Wanaogopa kuonekana wa mwisho. Na hapo ndipo wanapoharibu mbio zao, kabla hata hawajauona mlima. Maana mtu akikanyaga kupita kiasi cha pumzi yake, misuli yake huimaliza akiba yake ya nguvu upesi mno, na miguu huanza kuwaka moto. Moto huo hauzimwi kwa kujikaza. Huzimwa kwa kupunguza mwendo tu. Basi mlima unapoanza, kijana wetu amekwisha. Unamkuta ameketi chini ya mgunga kando ya njia, baiskeli imelala, naye anasema, "Mimi sikuumbwa kwa mambo haya."

Ndugu msikilizaji, si kweli kwamba hakuumbwa kwa mambo hayo. Alishindwa na aibu, wala hakushindwa na mlima. Aibu ni mzigo mzito kuliko baiskeli yenyewe, na ni mzigo ambao mtu hujitwika mwenyewe.

Wenye ujuzi wa mchezo huu humfundisha anayeanza mambo machache, nami naona yafaa tuyasikilize.

La kwanza, badili gia kabla ya mlima, usingoje uwe katikati yake. Ukingoja mpaka baiskeli inakaribia kusimama, mnyororo umekazwa kwa uzito wako wote, nao huruka au hukatika. Anayeona kilima mbele yake na kuchukua gia nyepesi mapema, watu wataona miguu yake ikizunguka upesi huku yeye akienda polepole, na labda watacheka. Mwache acheke anayecheka. Mji wa Voi uko chini, kiasi cha mita 600 tu juu ya bahari, na Wundanyi iko zaidi ya mita 700 juu ya hapo. Hakuna apandaye kimo hicho kwa pumzi ya mtu mwingine. Kila mtu hupanda kwa pumzi yake.

La pili, hakuna dhambi kushuka na kusukuma. Katika mashindano ya milimani, sheria inaruhusu mtu kushuka, kuisukuma baiskeli yake, au hata kuibeba begani mahali palipo pabaya. Hata mabingwa hufanya hivyo. Lakini anayeanza huona kwamba kushuka ni kushindwa, basi hung'ang'ania juu ya mawe mpaka anaanguka na kuumia. Wangapi kati yetu wameumia kwa sababu hawakutaka kuonekana wanatembea?

La tatu, unaposhuka mteremko, tazama njia, usitazame jiwe. Jambo hili ni la ajabu, lakini kila mpanda baiskeli analijua: jicho likikaza kwenye jiwe, gurudumu hulifuata jiwe hilohilo. Liangalie jiwe mara moja ulijue, kisha peleka macho pale unapotaka kupita. Rudisha mwili nyuma kidogo, tumia breki zote mbili pole pole, wala usiibane ile ya mbele kwa ghafula, isije ikakurusha kichwa mbele.

La nne, chukua cha kukusaidia njiani. Nchi yetu ya Tsavo ni nchi ya miiba. Mwiba wa mgunga hautazami kama wewe ni bingwa au ni mgeni. Unatoboa tu. Basi beba tyubu ya akiba, pampu na viraka, na ujifunze kuziba pancha nyumbani, kabla ya siku ya mashindano. Na maji usisahau kuyabeba na kuyanywa njiani katika jua la Voi.

Na la tano, ukisikia mwenzako anayekwenda mbio anakuja nyuma yako, mpishe pale njia inapopanuka, kisha uendelee. Kumpisha aliye na kasi hakukupunguzii kitu. Njia ni yenu wote wawili.

Sasa nataka niwape habari za mtu wa kweli, tena wa Afrika Mashariki yetu. Jina lake ni Adrien Niyonshuti, wa Rwanda. Alizaliwa mwaka 1987. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alipokuwa mtoto wa miaka 7, ndugu zake sita waliuawa. Mtoto huyo alikua, akapanda baiskeli, akafika mpaka Olimpiki ya London mwaka 2012. Yeye ndiye aliyeibeba bendera ya Rwanda siku ya ufunguzi, na alikuwa Mnyarwanda wa kwanza kushindana katika mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki.

Mbio zenyewe zilifanyika tarehe 12 Agosti 2012, mahali paitwapo Hadleigh Farm, mashariki ya London. Mshindi alikuwa Jaroslav Kulhavý wa Cheki, akifuatwa na Nino Schurter wa Uswisi, aliyeachwa kwa sekunde moja tu baada ya kushindana karibu saa moja na nusu. Na katika mbio za namna hiyo kuna sheria ngumu: anayeachwa mbali mno na wa kwanza hutolewa njiani, haruhusiwi kuendelea. Adrien alikuwa wa 39.

Wa 39! Mtu angeweza kuuliza, "Je, ndiyo habari ya kutuletea hiyo?" Naam, ndiyo. Yule mtoto aliyepoteza ndugu sita alisimama mstarini pamoja na mabingwa wa dunia, akaangalia migongo yao ikienda, na hakuketi chini. Aliendelea na mbio zake. Na mnajua mambo yalivyokuja kuwa baadaye? Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mji mkuu wa nchi yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Sisemi mtu mmoja ndiye aliyeyaleta. Nasema tu kwamba nchi hujengwa pia na watu ambao hawakuona haya kuwa wa 39.

Basi sasa naja kwenu ninyi ambao hamtapanda baiskeli kamwe.

Yuko mama mmoja anayenisikia, ana miaka 50 na zaidi, anatamani kwenda ngumbaru ajifunze kusoma, lakini anaona haya kuketi na kushika kalamu mbele ya mtu wa umri wa mwanawe. Yuko baba aliyeacha mbangara juzi tu, na kila akipita penye wanywaji anaambiwa, "Tutakuona, wiki hii haitaisha." Yuko binti aliyezaa akiwa shuleni, sasa anataka kurudi darasani, na wenzake wa zamani wamekwisha kumaliza na kwenda. Yuko mzee ambaye hakuwahi kuomba tangu ujana wake, na sasa anaogopa kufungua kinywa kwa sababu hayajui maneno mazuri wayatumiayo wengine. Hawa wote wamesimama mstarini leo. Wote wanaona migongo ya watu na vumbi.

Kwenu ninyi nasema hivi: msiwafuate waliotangulia kwa pumzi ambayo hamna. Chukueni gia nyepesi. Mama, jifunze kuandika jina lako kwanza, barua itakuja baadaye. Baba, usihesabu mwaka, hesabu leo mpaka jioni. Pakiwa pabaya, shuka usukume. Na usikaze macho kwenye jiwe lililokuangusha jana.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa mashindano, nao walimwelewa, kwa maana karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili. Lakini tazameni alivyoandika mwisho wa maisha yake kwa Timotheo. Hakujisifu kwamba aliwapita wengine. Alisema kwamba mwendo ameumaliza. Wazee wetu nao walisema kutangulia si kufika.

Limebaki neno moja, nalo ni kwa ninyi mlio mbele, mliokwisha kufika. Katika mashindano mengi, wa kwanza anapofika watu hupiga makofi, hupiga picha, zawadi hutolewa, kisha kila mtu hukusanya vitu vyake. Wa mwisho anapofika hukuta uwanja mtupu na mtu mmoja akikunja kamba. Je, nyumbani mwetu si hivyo? Katika shule zetu si hivyo? Hata katika makanisa yetu, je, tunamngoja wa mwisho, au tumekwisha kufunga mlango na kwenda kula? Aibu ya anayeanza mara nyingi sisi ndio tunaoitengeneza, kwa kicheko chetu na kwa kuondoka kwetu mapema.

Juma hili, nawaomba mfanye jambo moja. Kila mmoja wenu amtafute mtu mmoja anayeanza kitu kwa shida, katika nyumba yake au jirani yake, akamwambie, "Endelea, mimi nitakungoja." Kisha amngoje kweli, hata giza likiingia. Na wewe unayeanza, kama hakuna aliyekuja kukuambia hivyo, basi pokea neno hilo kwangu asubuhi hii, na ujue kwamba Mungu hakunji kamba kabla hujafika.

Mungu awabariki. Mpaka tutakapokutana tena juma lijalo, kwaherini.