Kura Yangu na Binti wa Biokemia
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme machache kuhusu mfuko wa elimu. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo wengi mnategemea nisome hesabu kisha nikae. Hesabu zimechapishwa kurasa za nyuma, mtazisoma wenyewe. Mimi naanza na kosa langu.

Mwaka 2020 kamati yetu ilipokea ombi la binti wa kijijini kwetu. Alifaulu vizuri mchepuo wa PCB, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, shahada ya miaka mitatu. Mkopo wa serikali haukutosha. Nilipiga kura ya hapana. Nilisema angesomea udaktari au uhandisi tungemsaidia, lakini hii ni kozi ya kazi gani? Ombi lilianguka kwa kura moja. Baba yake akauza kipande cha kibanja. Hapa sote tunajua mtu wa kwetu akiuza kibanja amefika wapi.

Machi 2023 ugonjwa usiojulikana uliingia Bukoba Vijijini. Mnakumbuka simu za usiku, mnakumbuka mazishi tuliyoambiwa tusihudhurie. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya alitangaza kwamba ni Marburg: wagonjwa 8, na kati yao 5 walikuwa wamekwisha kufariki, akiwemo mhudumu wa afya. Jina la ugonjwa lilitoka maabara. Lilipojulikana, waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja, na tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwisha.

Wiki ile nilimpigia simu yule binti, kwa aibu kidogo, nikamwuliza maabara inajuaje. Akanieleza bila kinyongo. Kirusi cha Marburg hubeba maelezo yake katika RNA. Maabara huyanakili kwanza kuwa DNA, kisha huipasha moto hadi nyuzi zake mbili ziachane, huipoza, na kimeng'enya hujenga nakala ya kila uzi. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Nikamwambia hiyo ni riba juu ya riba, hiyo naielewa! Nikachukua kikokotoo: mizunguko 30 inatoa nakala 1,073,741,824 kutokana na moja. Chembe isiyoonekana inakuwa nyingi kiasi cha kupimika, kwa saa chache tu.

Siku hiyo nilielewa anasoma nini. Biokemia ni kemia ya kitu kilicho hai: protini, sukari, mafuta, vimeng'enya. Biolojia ya molekuli inafuata vinasaba, namna maelezo yanavyosomwa ndani ya seli hadi yakawa protini. Bibi zetu waliokamua ndizi mbivu na kuchanganya mtama ili kupata rubisi walikuwa wakiendesha kazi hiyo hiyo ndani ya mtumbwi: chachu inakula sukari, inatoa pombe na ile hewa inayofanya povu. Hawakuwa na majina ya vimeng'enya, ila pombe ilikolea.

Na migomba yetu? Mnyauko umekula vibanja vya watu waliokaa humu. Tunakata ua dume kwa kijiti cha panda, tunachoma panga kwenye moto, na tunafanya vizuri. Lakini mgomba unaweza kubeba bakteria kabla majani hayajaanza kunyauka, na hapo jicho la mkulima halioni. Kipimo cha vinasaba kinaona. Nani atakifanya, kama si watoto waliosomea?

Sitawadanganya kuhusu ajira. Maabara za kazi hiyo ni chache na nafasi hugombaniwa. Yeye mwenyewe alikaa karibu mwaka mzima bila kazi baada ya kumaliza. Leo yuko maabara ya utafiti wa mazao, kwa mkataba wa muda mfupi. Sioni kwamba hilo linafanya kozi yake kuwa bure. Wahasibu wasio na kazi nao nawajua.

Kilichomtesa zaidi chuoni, aliniambia, haikuwa ada. Ni mikono. Wenzake waliingia maabara mwaka wa kwanza wakijiamini. Yeye kule sekondari alikuwa ameshika bureti mara mbili tu, hadubini aliiona kabatini. Ghafla anatakiwa kupima mikrolita, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, bila mkono kutetemeka. Alirudia jaribio moja usiku mara nne, maana tone moja likizidi kazi ya siku imeharibika.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo mawili. Kwanza, masharti ya mfuko yafutwe pale yanapotaja udaktari na uhandisi peke yake. Mimi ndiye niliyeyaandika, na mimi ndiye naomba yafutwe. Pili, changizo la leo liende kwenye maabara ya sekondari yetu: bureti na pipeti za kutosha, hadubini, meza zenye sinki, na tangi la maji, kwa sababu maabara isiyo na maji ni darasa la kawaida lenye harufu.

Bahasha ziko kwa mweka hazina, meza ya kushoto. Anayeahidi aandike tarehe ya kulipa. Kila anayetoa atapewa stakabadhi, hata kama ni shilingi elfu moja. Bahasha ya kwanza ni yangu, na ndani yake nimeweka kiasi kile kile tulichomnyima yule binti mwaka 2020.