Matunzo Baada ya Kuachana



Ukumbi huu wa Kaloleni umesikia maneno makubwa. Humu, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alidai uhuru kamili. Leo twasema juu ya jambo la nyumbani, lakini nalo ni la haki na la mshahara.

Wengi wetu twaishi wawili chumba kimoja bila cheti cha ndoa. Mmoja hulipa kodi, mwenzake hununua unga. Siku wakigombana, mmoja hufungasha virago na kusema: "Sikukuoa, sina deni lako." Je, ni kweli?

Kwa mtoto, si kweli. Sheria ya 1959 ilimruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto. Bunge likaifuta 1969, na mzigo ukawabakia akina mama. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Aliyeachiwa mtoto aende kwa ofisa wa watoto, au korti ya watoto. Fedha hizo ni haki ya mtoto, si zawadi.

Kwa mtu mzima mambo ni magumu zaidi. Mke hudai matunzo yake kwa sababu ya ndoa. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kukaa pamoja, hata miaka mingi, hakutoshi kuwa ndoa. Korti zitahesabu ndoa ya namna hiyo kwa nadra sana. Hata hivyo majaji hao hao walipima nani alitoa nini katika mali yao, wakampa mwanamke sehemu 70 kwa 100 na mwanamume 30. Hapakuwa na ndoa, lakini jasho lilihesabiwa.

Basi twawashauri hivi. Mkinunua kiwanja, majina yenu wawili yaandikwe. Wekeni risiti za mabati na saruji, na karatasi za mkopo wa chama cha akiba. Wanaotaka kuwa mke na mume, wakaandikishe ndoa.

Na kwenu wanaume wa chama twauliza: mtu anayedai haki yake mbele ya tajiri, kisha akamnyima mwanawe maziwa, anadai haki gani?