Mwani Wetu na Watu wa Chuo
Hotuba ya kamati tendaji iliyosomwa katika hafla ya harambee ya mwaka ya jumuiya yetu



Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, kina mama, ndugu zetu wa matawi ya Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Maskati. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima, na tunawaombea rehema wenzetu waliotangulia tangu tulipoonana mwaka jana.

Mwaka jana tulisimama hapa tukaomba fedha za kumalizia banda la skuli. Mlitoa, na banda limeezekwa. Hilo hatulirefushi, picha zimo humu kitabuni. Mwaka huu tumekuja na jambo lisilopigika picha vizuri, na wamo wajumbe wa kamati ambao hadi juzi walikuwa hawalitaki. Tunaomba fedha za kushirikiana na watu wa chuo kikuu katika kilimo cha mwani.

Wengi wetu tulioondoka tukiwa vijana tunaijua Pemba ya karafuu. Tukipiga simu nyumbani, baada ya salamu tunauliza kama mwaka huu zimezaa. Lakini karafuu haizai sawa kila mwaka, na fedha yake huingia zaidi mikononi mwa wenye mashamba. Fedha inayonunua daftari, dawa na mchele mwezi hadi mwezi katika vijiji vya pwani, kuanzia Tumbe na Maziwang'ombe hadi Kisiwa Panza, ni ya mwani. Mikono inayoufunga ni ya mama zetu na dada zetu. Sehemu kubwa ya mwani wote wa Zanzibar hutoka Pemba, ndugu zetu. Kila mara tunapowaambia hivi watu wa tawi la Dar es Salaam hudhani tunajisifu.

Na kilimo hicho kina asili ya chuoni. Zamani mwani ulikuwa unaokotwa tu ufukweni na kuuzwa. Aliyehimiza kwamba unaweza kulimwa ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekwenda kusomea mambo hayo hadi Hawaii. Miaka ya 1980 yalifanywa majaribio katika pwani za Tanzania, na kisiwa chetu cha Fundo kilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino, kisha kikatufikia sisi.

Sasa tuseme shida ilipo. Kuna mwani mnene na mwani mwembamba. Mnene ndio wenye bei, kwa sababu viwanda vya nje hupata humo utomvu mzuri wa kugandishia vyakula na dawa. Lakini mnene haustahimili joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto, hugeuka mweupe, ukalainika, ukakatika kwenye kamba. Unguja sehemu nyingi wameuacha, wamebaki na mwembamba wa bei ndogo. Pemba mnene bado unaota, lakini kina mama wanatuambia kwamba kuna misimu wanafunga kamba, wakirudi bamvua linalofuata wanakuta taitai tupu. Na ukumbuke, kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Mtu anabeba mzigo wa maji kichwani ili auze kiganja.

Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini iko Unguja, amelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2006 alianzisha umoja wa kuwakutanisha wakulima, watafiti, wanunuzi na serikali. Mambo mawili yaliyotoka huko yanatuhusu. Moja ni kusaga mwani na kuutia kwenye sabuni na vyakula, kama walivyofanya kina mama wa Kidoti. La pili ni kuuhamisha mwani mnene kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi, kwa kuutia ndani ya nyavu ndefu za mfano wa mirija badala ya kuufunga kwenye vijiti.

Hilo la sabuni sisi tulishalijaribu, na tukiri hapa mbele yenu kwamba tulishindwa. Tulinunua mashine ya kusagia na makalibu, tukawakabidhi kina mama siku ya sherehe, tukarudi mjini. Hatukuuliza sabuni itauzwa wapi wala nani atalipia umeme. Mashine iko stoo. Kosa ni letu, si la mwani wala la kina mama.

Na wapo waliotukosea. Walikuja wanafunzi na walimu wao kutoka chuo kimoja, wakaita mkutano saa nne asubuhi katikati ya bamvua. Kila mwenye akili alikuwa baharini, maana maji yakipwa vile hayamngoji mtu. Walikuta wazee watatu na watoto. Baadaye tulisikia wameandika kwamba mwamko wa jamii ni mdogo! Ripoti yenyewe hatujaiona hadi leo.

Kwa hiyo safari hii tumekaa na kina mama kwanza, siku za maji mafu, na masharti wameyatoa wao. Mtafiti atakayekuja akae bamvua mbili nzima, aingie majini pamoja nao. Atakachokipata akisome kijijini kwa Kiswahili kabla hajakipeleka kwingine. Na katika kila kundi wawemo vijana wa hapa kwetu. SUZA wana kampasi Mchangamdogo, hakuna haja ya kila anayepima joto la maji yetu kutoka ng'ambo.

Fedha tunazoomba ni za mashua moja, kamba na nyavu za majaribio, na chanja za kuanikia, kwa sababu mwani ulioanikwa mchangani hushushwa bei. Lakini kinachotupa wasiwasi kuliko vyote ni kuogelea. Maji ya kina si ya kusimama. Wengi wa mama zetu wameingia baharini miaka thelathini na hawajui kuogelea, na hatuwezi kuwapeleka mbali na ufukwe kwa mradi wetu kisha likatokea la kutokea. Tumetenga fungu la mwalimu mwanamke na mavazi ya stara ya kuingilia majini. Mjumbe mmoja alisema hilo ni anasa, likatwe. Bibi mmoja wa Fundo aliyekuwa mkutanoni akamuuliza kama yeye anajua kuogelea. Fungu halikukatwa.

Wapo wanaouliza kwa nini tusigawe hizo fedha mkononi kwa kila mkulima. Tumelipima hilo. Zingetosha kamba za msimu mmoja, na maji yangebaki na moto wake. Majaribio haya nayo yanaweza kushindwa, tusiwadanganye. Tukishindwa tutakuja kusema hapa hapa, kama tulivyosema la sabuni.

Bajeti yote iko ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Kadi za ahadi ziko kwa makatibu wa matawi, na wa Maskati tunawaomba wasisubiri kikao chao, kwani fundi mashua anataka malipo ya awali ya mbao kabla ya kusi kuanza. Mama zetu wawili waliochaguliwa kusimamia zana wako hapa, meza ya kushoto karibu na mlango. Mkitaka kuuliza chochote kuhusu mwani, waulizeni wao.